Taji la Bangui na Wanafunzi Walioligomea

Jean-Bédel Bokassa alivikwa taji la Kaizari wa Afrika ya Kati mjini Bangui tarehe 4 Desemba 1977, ndani ya jumba la michezo lililopewa jina lake mwenyewe. Aliishika nchi hiyo tangu usiku wa kuamkia mwaka 1966, alipompindua Rais David Dacko. Mwaka 1972 alifanywa rais wa maisha, na Desemba 1976 kongamano la chama chake, MESAN, likaigeuza jamhuri kuwa dola ya kifalme. Hapakuwa na ukoo wa kurithi kiti hicho, wala mila yoyote ya wenyeji iliyokidai. Kielelezo kilikuwa Napoleon, aliyejivika taji mjini Paris tarehe 2 Desemba 1804. Bokassa, aliyewahi kupigana Indochina na kufikia cheo cha kapteni katika jeshi la Ufaransa, alitaka sherehe yake ifanane na ile.

Ndiyo maana karibu kila kitu kilitoka Ufaransa. Kiti cha enzi, chenye umbo la tai mkubwa aliyekunjua mabawa, kilibuniwa na mchongaji Olivier Brice. Taji la almasi lilitoka kwa masonara wa Arthus-Bertrand, Paris. Farasi waliovuta gari la kifalme nao walitoka huko huko, pamoja na divai za karamu. Gharama yote hukadiriwa kuwa dola milioni 20 za Kimarekani au zaidi, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilibebwa na serikali ya Ufaransa, iliyokuwa na haja na almasi na urani ya nchi hiyo. Wakati huo wananchi wengi waliishi kwa kulima pamba, kahawa na muhogo, katika nchi isiyo na bahari wala reli, ambako zahanati na shule zilikuwa za kuhesabika.

Nje ya nchi, lawama zilikuja mapema. Magazeti ya Ulaya na ya Afrika yaliishambulia sherehe hiyo, na watawala wenzake kama Mobutu wa Zaire na Bongo wa Gabon hawakufika. Rais Valéry Giscard d'Estaing wa Ufaransa naye hakwenda, bali alimtuma Robert Galley, waziri wake wa ushirikiano. Ndani ya nchi hali ilikuwa tofauti. Chama kilikuwa kimoja, na aliyethubutu kumpinga mkuu alijua njia ya gereza la Ngaragba. Kwa hiyo, mwaka mzima ulipita baada ya sherehe bila upinzani wa wazi. Hata hivyo hazina ilikuwa imekauka. Mishahara ya watumishi wa serikali ilicheleweshwa, na posho za wanafunzi zikawa hazionekani.

Cheche ilikuwa sare za shule. Wanafunzi waliamriwa kuvaa sare maalumu, zilizotengenezwa na kiwanda chenye uhusiano na familia ya Bokassa. Mzazi ambaye hakuwa amelipwa mshahara alitakiwa anunue nguo hiyo, la sivyo mtoto arudishwe nyumbani. Januari 1979 utekelezaji ulipokazwa, wanafunzi wa Bangui waliingia barabarani, wakaungwa mkono na wenzao wa chuo kikuu na wakazi wa mitaa ya maskini. Hawakuwa na chama wala silaha, ila walisema hadharani kile ambacho watu wazima walikinong'ona majumbani: fedha za nchi zimekwenda kwenye taji. Jeshi liliwafyatulia risasi. Askari wa Zaire waliletwa kusaidia, na watu wengi waliuawa.

Utulivu haukurudi. Katikati ya Aprili, askari walipita mitaani wakiwakamata watoto na vijana, wakawasukuma ndani ya seli za Ngaragba hadi wakakosa hewa. Wengine walikufa kwa kipigo. Shirika la Amnesty International lilitangaza habari hizo Mei 14, na Sylvestre Bangui, balozi wa nchi hiyo mjini Paris, akajiuzulu mwezi huo huo. Mkutano wa Ufaransa na nchi za Afrika, uliokuwa ukifanyika Kigali, ukaamua iundwe tume ya wanasheria kutoka Ivory Coast, Liberia, Rwanda, Senegal na Togo. Ripoti yao ya Agosti ilisema kwamba watoto wapatao 100 waliuawa kwa amri ya Bokassa, na kwamba karibu ni hakika yeye mwenyewe alishiriki.

Usiku wa Septemba 20, Bokassa akiwa Libya, wanajeshi wa Ufaransa walitua Bangui na kumrudisha Dacko madarakani. Ufaransa ilijivunia kumwondoa dikteta, lakini haikustahili sifa hiyo: ndiyo iliyogharimia taji, na iliigeuka dola hiyo baada tu ya vifo vya watoto kuifanya aibu isiyobebeka. Waliouangusha ufalme ni wanafunzi waliokataa sare.

Bokassa alirudi kutoka uhamishoni Oktoba 1986, akashitakiwa na kuhukumiwa kifo mwaka 1987. Adhabu ilipunguzwa mwaka uliofuata, akaachiwa huru 1993, akafariki Bangui tarehe 3 Novemba 1996. Desemba 2010, nchi ikiadhimisha miaka 50 ya uhuru, Rais François Bozizé alimrudishia heshima kwa amri rasmi, akimsifu kuwa mjenzi wa taifa. Mbele ya familia zilizozika watoto wao mwaka 1979, amri hiyo ilikuwa dhuluma ya pili.