Majongoo wa Bamburi

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na somo la rasilimali na taka hulifundishia Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ndani ya machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Kiwanda kilianza uzalishaji mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa pale pale chini ya miguu: mwamba wa matumbawe ya kale, ulioachwa nchi kavu bahari iliposhuka. Ukalipuliwa, ukasagwa, ukachomwa, nyumba zikasimama. Lililobaki lilikuwa jangwa jeupe lisilo na chembe ya udongo, jua kali juu, na maji ya chumvichumvi hatua chache chini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mswisi René Haller, bwana bustani wa kiwanda, alianza kulifufua shimo hilo. Alijaribu miti ya aina 26; iliyoshika ni mitatu tu: mnazi, damas na mvinje. Mvinje ndio uliobeba mzigo. Sisi wa Pwani tunaujua kwa nguzo na fito, lakini mizizini mwake huishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hausubiri ardhi yenye rutuba, na chumvi hauiogopi.

Hapo ndipo ikazuka shida ya taka. Majani ya mvinje yana tanini nyingi, hayaozi upesi. Yakaanguka, yakalundikana: kijani juu, mwamba mtupu chini ya takataka kavu. Dawa ikawa majongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu, walioletwa kwa makusudi. Wakayatafuna majani, bakteria wakamalizia kinyesi chao, na tabaka jembamba la udongo mweusi likaanza kujijenga. Ndipo miti mingine ikaweza kupandwa, na wanyama wakafuata.

Wanafunzi hukimbilia twiga, na huulizia habari za kobe Mzee na kiboko Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Siwakatazi. Ila kwanza nawaambia wachuchumae chini ya mvinje na kufunua majani kwa mkono: juu makavu, kisha vidonge vya kinyesi cha jongoo, kisha udongo, halafu mwamba.

Msichana mmoja aliniuliza: ikiwa shimo laweza kugeuka msitu, kuna ubaya gani kuendelea kuchimba kila mahali? Nikamwambia mwamba haujarudi, wala hautarudi. Kilichopatikana ni udongo, tena kwa sababu miti ilipandwa kiwanda kikiwa bado kinauza saruji na kina fedha za kumlipa mwenye jembe. Mchimbaji akiahidi kupanda atakapomaliza kuchimba, mwulizeni mshahara wa bwana bustani siku hiyo utatoka wapi.