Kaburi la Toby: Wakati katika Tamthilia ya Roots

Ndugu mwalimu, nawe mtahiniwa, huenda umewahi kuandika kwamba kila kazi inayogusia zamani imetumia mbinu rejeshi. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo, na alama zimepotea. Hebu tuitazame tamthilia ya runinga ya Roots, iliyoonyeshwa Marekani na kituo cha ABC kwa usiku nane mfululizo, tarehe 23 hadi 30 Januari 1977. Ilitokana na kitabu cha Alex Haley cha mwaka wa 1976.

Msuko wake ni sahili. Unaanza na kuzaliwa kwa Kunta Kinte kijijini Juffure, Gambia, mwaka wa 1750, na kusonga kizazi baada ya kizazi hadi baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Rejeshi iko wapi basi? Mbinu hiyo huhitaji msuko ukatizwe, turudishwe nyuma. Hapa zamani inabebwa vinywani mwa wahusika: Kunta anamsimulia bintiye Kizzy, naye Kizzy anamsimulia mwanawe George.

Zingatia matumizi ya jina. Kunta anachapwa mijeledi mpaka akubali kuitwa Toby. Miaka mingi baadaye Kizzy anafika kaburini kwa babake, analifuta jina Toby na kuandika Kunta Kinte. Katika tendo hilo moja anaisahihisha jana, akiwa angali mtumwa leo, kwa ajili ya msomaji ambaye hajazaliwa. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu ishara, aanzie hapo.

Tahadhari moja. Wanahistoria wameitilia shaka nasaba aliyoieleza Haley, na mwaka wa 1978 alilipa fidia nje ya mahakama baada ya kushtakiwa na Harold Courlander kwamba alinakili sehemu za riwaya yake, The African. Kwa hivyo usiandike "historia inathibitisha". Andika "tamthilia inasawiri". (Hata walimu tunateleza hapo.)

Hata hivyo, athari yake haikuwa ya kubuni. Wamarekani weusi wengi walianza kutafuta koo zao. Na mwaka wa 2011, kisiwa kilichoitwa James katika Mto Gambia, karibu na Juffure, ambacho Waingereza walikitumia katika biashara ya watumwa, kilibadilishwa jina kikaitwa Kunta Kinteh.