Kuku Wako Hadeki: Historia ya Debe la Pumba, Kuanzia Milima ya Uluguru Mpaka Kihonda

Leo tunaweka pembeni habari za nani kaachana na nani, tunaongelea staa mwingine ambaye kila nyumba ya Moro imewahi kumsema vibaya. Kuku.

Pita Kihonda, pita Bigwa, pita Mji Mpya. Kwenye kila uwanja wenye banda utasikia lawama ileile: "Hawa kuku wanadeka. Nimenunua chakula kwa hela, wanadonoa punje za mahindi, unga wote wanaacha." Wengine wanaparura sahani mpaka chakula chote kipo chini. Na bei ya gunia la pumba mnaijua wenyewe, haihitaji kusimuliwa.

Sasa twende kwenye historia, maana kuku anayechagua hakuanza jana. Na nawaambia mapema, humu hamtakuta jina la mtu. Waliojua kulisha kuku kwenye mkoa huu ni akina mama, mabibi na watoto waliotumwa kufungua banda asubuhi. Hakuna aliyewaandika.

Kuku ni mgeni kama wageni wengine. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, kwenye misitu, alikotokana na ndege wa porini anayeparura majani makavu kutafuta mbegu na wadudu. Kwenye pwani yetu wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa yake sehemu kama Unguja Ukuu, ya kuanzia karne ya 7 na ya 8. Alikuja na majahazi, halafu akapanda bara taratibu mpaka milimani. Na mahindi ambayo leo tunaona ndiyo chakula chake cha asili yalikuwa bado Amerika, yamefika huku baada ya Wareno kuanza safari zao. Kwa hiyo kuku wa kwanza Afrika Mashariki hakuyajua mahindi. Alikuta mtama, wadudu na mabaki ya jikoni.

Huko Uluguru kuku hakuwekewa chakula kwenye sahani. Asubuhi anafunguliwa, anatupiwa konzi ya nafaka ili azoee nyumbani, basi. Kazi iliyobaki ni yake: chini ya migomba, pembeni ya kinu, kwenye majani yaliyooza, nyuma ya jiko. Aliyejua kuchagua alinenepa na kutotoa. Aliyekula hovyo hakuacha vifaranga. Mkifanya hivyo miaka mamia, mnabaki na ukoo wa kuku wachaguzi. Kuna aina wataalamu wanaiita Ching'wekwe, kuku wafupi wanaopatikana Morogoro na Dodoma, na nyingine wameiita kabisa kwa jina la mkoa wetu. Hao ndio mabingwa wa kujitafutia.

Na si maneno ya kijiweni. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi ya watafiti waliopima chakula kilichokuwa kwenye kile kifuko cha shingoni cha kuku wa vijijini Tanzania. Walikuta nafaka, pumba, majani mabichi, wadudu na minyoo, na mchanganyiko ulibadilika kwa msimu. Yaani kuku alikuwa anakula mlo kamili aliojipangia mwenyewe. Lakini walikuta pia kwamba virutubisho kama protini na madini havikufikia kiwango anachotakiwa kupata kuku wa kutaga vizuri. Kwa hiyo tusidanganyane, kijijini hakukuwa peponi. Kuku alijua kutafuta, ila cha kutafuta kilikuwa kidogo. Ndiyo maana yule wa kienyeji anataga kwa mafungu, halafu anapumzika.

Sasa mji ukaingia. Mwaka 1965 Morogoro ikapata chuo cha kilimo, 1970 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 1984 kikawa SUA tunayoijua. Serikali nayo miaka ya 1970 ikawa na shirika lake la kuku, NAPOCO. Pale Mazimbu, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipojenga shule yao kuanzia mwisho wa miaka hiyo ya 1970, walikuwa na shamba la mifugo, kuku wakiwemo. Kuku wa kisasa, chakula cha kuchanganya na banda lenye waya vikaanza kuwa vitu vya kawaida.

Halafu ikaja miaka ya 1980, wazee wenu wanaikumbuka. Foleni za sukari, mshahara hautoshi hata wiki mbili. Mwalimu, nesi, karani, kila mtu akatafuta mradi. Na mradi mwepesi kuliko yote ulikuwa kuku nyuma ya nyumba. Watoto wangapi wa mji huu wamelipiwa ada kwa trei za mayai? Hakuna aliyehesabu, ila ukiuliza ukoo wako utapata jibu.

Hapo ndipo lawama ya kudeka ilipoanza. Kuku aliyekuwa anatembea siku nzima akichagua, sasa yupo ndani ya waya na kitu kimoja tu mbele yake: pumba kavu. Hana mdudu, hana jani, hana kokoto. Anachagua punje kwa sababu hicho ndicho kilichobaki cha kuchagua. Sisi tukamuita mdekaji.

Angalia mwili wake. Kuku hana meno, anasagia kwenye firigisi kwa kutumia vijiwe anavyomeza. Vinundu vyake vya ladha ni vichache sana ukilinganisha na vya binadamu, na utamu wa sukari hausikii kabisa. Pilipili haimuwashi kama inavyokuwasha wewe. Anachoamini ni macho na mdomo: ukubwa wa punje, rangi, na kama kitu amewahi kukiona. Unga laini unamganda mdomoni. Chakula kipya anakiogopa kwanza. Ukibadilisha ghafla leo, kesho atakususia. Changanya kidogo kidogo kwa siku kadhaa, atazoea.

Akina mama wa mradi hawakusubiri mtu awaeleze hayo. Waliona wenyewe. Pumba wakainyunyizia maji kidogo mpaka ishikane, ikaliwa yote, na inayobaki jioni wakaitupa isichachuke. Mchicha na majani ya kabichi wakayafunga kwa kamba yaning'inie, kuku ayarukie badala ya kudonoana na wenzake. Dagaa wakawatwanga na kuwachanganya ndani, wasiwe wa kuchaguliwa. Maganda ya mayai wakayakausha na kuyasaga, kuku wasiyatambue wakajifunza kula mayai. Wengine waligeuza chungu chenye mabaki ya mabua na kinyesi cha ng'ombe kilicholoweshwa, wakakifunika penye mchwa jioni, asubuhi wakavuna mchwa wa kuwapa vifaranga. Protini ya bure.

Sayansi imekuja kuwapa haki. Ganda la yai moja lina takribani gramu 2 za kalisi, na kuku anayetaga anaitafuta kalisi zaidi jioni, kwa sababu ganda linatengenezwa usiku. Bibi aliyekuwa anamwaga maganda na chokaa ya mifugo saa kumi na moja jioni alikuwa anafanya kitu sahihi bila maabara.

Miaka ya karibuni tukaletewa Sasso kutoka Ufaransa na Kuroiler kutoka India, zikajaribiwa nchini kwenye mradi wa utafiti ulioanza kati ya miaka ya 2010, SUA ikiwemo. Kuku wazuri, wanakua haraka. Ila wanahitaji kula kweli. Ukiwalisha kwa akili ya Ching'wekwe watakufilisi, na ukimlisha Ching'wekwe kwa akili ya Sasso utapoteza hela ya chakula.

Sasa sehemu ambayo naomba usiisome kwa kuruka. Kuna mazoea mjini: mahindi yakiota ukungu tunasema "hayo ya kuku." Mwaka 1960 Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, watu hawajui kwa nini. Ikaja kugundulika ni mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu ya kuvu. Ndivyo dunia ilivyoijua sumukuvu, kupitia chakula cha ndege. Na hapa kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Haina ladha, haina harufu. Kuku mchaguzi wako naye hawezi kuigundua. Ataila, itamharibu ini, na sumu nyingine inaweza kufika kwenye maini na mayai unayompa mtoto. Mahindi ya ukungu si ya kuku. Ni ya kutupwa.

Na mtofautishe jambo moja. Kuku anayechagua ana afya, macho yamechangamka, anagombania punje. Kuku aliyekataa kila kitu, amejikunyata, mabawa chini na kinyesi cha kijani, huyo anaumwa, inaweza kuwa mdondo. Usimpigie kelele za kudeka na usimkamulie pilipili. Mdondo hauna dawa, una chanjo. Ya matone ya jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kuku kumi wanaweza kuisha ndani ya wiki kwa kuikosa.

Hiyo ndiyo historia ya debe la pumba. Vyuo vina majina kwenye mageti, aina za kuku zina majina kwenye vitabu. Aliyegundua kwamba pumba ikinyunyiziwa maji inaliwa yote hana jina popote, na huenda bado yupo hai, amekaa kibarazani kwenu.

Kwa hiyo kazi yenu wadau: mpigie simu bibi au mama mkubwa leo, muulize alikuwa anawapa nini kuku wake na kwa nini. Halafu shusha jibu lake hapo chini kwenye komenti. Jina lake tuachie, tunachotaka ni alichokijua.