Kubwa Mbele, Ndogo Mbele: Ugomvi wa Lugha Ndani ya Tarakilishi

Wapenzi wa lugha tuna mazoea ya kuiacha tarakilishi mikononi mwa mafundi. Kwetu ni chombo cha kuandikia, na mjadala wetu mkubwa juu yake umekuwa wa jina: tuiite kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Leo nataka tuingie ndani zaidi ya jina. Kwa zaidi ya miaka 40 koo mbili za tarakilishi za mezani zimeshindana, ukoo uliotokana na IBM na ukoo wa Macintosh, na wanaosimulia ushindani huo huanza na bei, kasi au uzuri wa sura. Naona ulikuwa ugomvi wa lugha, tena kwa maana halisi ya neno hilo.

Kila kichakataji, yaani kile kipande cha silikoni ambacho wengi hukiita prosesa, huzaliwa na orodha ya amri kinazozielewa. Jumlisha, linganisha, hamisha, ruka hadi mahali fulani: kila amri ina namba yake, na namba hizo ndizo lugha yake ya mama. Amri ya kujumlisha katika lugha ya kichakataji kimoja ni upuuzi mtupu kwa kingine. Kwa hiyo mtu anayechagua tarakilishi huwa amechagua, bila kujua, lugha ambayo kazi zake zitategemea.

Lugha ya Intel ina nasaba ndefu. Mwaka 1970 kampuni moja ya San Antonio, Texas, ilitangaza mashine iliyoitwa Datapoint 2200. Kumbukumbu yake ilipitisha biti moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Ukijumlisha kwa utaratibu huo huna budi kuanza na sehemu ndogo ya namba, kwa kuwa ndiyo inayozaa ile moja ya kubeba. Mtoto yeyote aliyejumlisha ubaoni analijua hilo: mamoja kwanza, kisha makumi, kisha mamia. Basi namba isiyoenea katika baiti moja ikawekwa sehemu ndogo mbele, kubwa nyuma. Intel iliombwa kuibana mashine hiyo katika kipande kimoja cha silikoni. Kazi ikachelewa, wenye Datapoint wakaendelea bila hicho kipande, na mwaka 1972 Intel ikakiuza yenyewe kwa jina la 8008. Hicho kikafuatwa na 8080 mwaka 1974, na 8080 kikafuatwa na 8086 mwaka 1978. Sababu ya kuanza na ndogo ilikwisha kutoweka, desturi ikabaki.

Nacho 8086 kilikuwa kazi ya kuziba pengo, kwa sababu matumaini ya Intel yalikuwa kwenye mradi mwingine mkubwa uliokuwa ukisuasua. Stephen Morse, aliyesanifu lugha yake, alifungwa na sharti kwamba programu zilizoandikwa kwa ajili ya 8080 ziweze kuhamishiwa humo bila taabu kubwa. Ndipo yakaja yale ya anwani. Kichakataji hicho kiliweza kufikia megabaiti moja ya kumbukumbu, lakini kwa vipande vya kilobaiti 64, na kila mahali palitajwa kwa namba mbili, ya kipande na ya nafasi ndani ya kipande. Mahali pale pale palikuwa na majina chungu nzima. Fikiria mtunzi wa utenzi mrefu anayelazimishwa kuukata kila baada ya beti kadhaa, kisha kila anapomtaja shujaa wake aseme kwanza yumo katika kipande kipi.

Mwaka uliofuata Motorola ilitoa 68000, chenye transista zipatazo 68,000, mara mbili na ushei ya zile 29,000 za 8086. Wasanifu wake waliamua kutorithi lugha ya kichakataji chao cha awali. Wakaanza upya: rejista nane za data na nane za anwani, zote za biti 32, na kumbukumbu iliyonyooka hadi megabaiti 16 bila vipande. Amri zake zilikuwa na mpangilio ambao msomaji wa sarufi angeupenda, kwani ukishajifunza namna ya kuitumia amri moja umekaribia kuzijua nyingi. Ningepewa kuchagua kati ya lugha hizo mbili kwa kuzisoma tu, nisingesita.

IBM haikuchagua kwa kusoma. Tarakilishi yake ya Agosti 1981 ilibeba 8088, ndugu wa 8086 anayezungumza lugha ile ile lakini anayepokea baiti moja moja kutoka nje, jambo lililoruhusu kutumia vipande vya bei nafuu vilivyokuwa tayari sokoni. Ilikwenda kwa megahezi 4.77. Macintosh ya Januari 1984 ilikuja na 68000, megahezi zake karibu 8, na bei ya dola 2,495. Mwaka 1985 Amiga na Atari ST nazo zikazungumza lugha hiyo hiyo ya Motorola. Kwa usanifu upande huo ulikuwa na nguvu zaidi. Lakini tangu mapema 1983 wahasibu walikuwa na Lotus 1-2-3 iliyoandikwa kwa lugha ya Intel, na Compaq ilikuwa imeanza kuuza mashine iliyoiga ya IBM. Kila mwigaji aliyefuata aliongeza wasemaji wa lugha ile yenye vipande, na kila msemaji aliongeza maktaba yake.

Turudi kwenye ndogo na kubwa, maana hapo ndipo penye utamu. Motorola iliweka sehemu kubwa ya namba mbele. Chukua 1234, tuseme 12 inakaa baiti moja na 34 nyingine. Motorola huandika 12 kisha 34. Intel huandika 34 kisha 12. Ukimpa mmoja kumbukumbu ya mwenzake, husoma 3412 bila kushtuka. Msemaji wa Kiswahili ameijua michezo hii siku nyingi. Vijana wa pwani walikuwa na kinyume, ambacho hutanguliza silabi ya mwisho, samaki akawa kisama. Edward Steere alikionyesha katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19. Mafundi nao wana kinyume chao: neno UNIX likihamishwa vibaya kati ya mashine za desturi mbili, baiti zake hubadilishana nafasi wawili wawili, likasomeka NUXI.

Hata hesabu zetu zina kovu la ugomvi huu. Mwarabu husema tatu na ishirini, ndogo mbele. Sisi tulichukua neno ishirini kwake, tukakataa mpangilio wake: ishirini na tatu. Ila lipo neno lililoponyoka, nalo ni thenashara, mbili na kumi, ambalo wasomaji wa tenzi za kale hawalioni geni. Danny Cohen alipoandika juu ya ugomvi wa baiti tarehe 1 Aprili 1980, alikwenda kwa Jonathan Swift, kwa watu wafupi wa Lilliput waliopigania ncha ipi ya yai ipasuliwe kwanza. Kambi mbili za baiti zinaitwa kwa majina ya wapasua mayai hao hadi leo. Hoja ya Cohen ilikuwa nyepesi: upande wowote utafaa, mradi wote wakubaliane. Hawakukubaliana.

Apple ndiyo iliyolazimika kuhama. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 ukoo wa 68000 ulikuwa umeachwa nyuma, na Apple, IBM na Motorola wakaungana kutengeneza PowerPC. Macintosh za kwanza za aina hiyo zilitoka Machi 1994, ndani yake mkiwa na mkalimani aliyesoma amri za 68000 na kuzitamka upya kwa lugha mpya. Alikuwa hodari kiasi kwamba sehemu kubwa ya mfumo wa Apple wenyewe iliendelea kuandikwa kwa lugha ya zamani, ikitafsiriwa kila dakika. Mwaka 1998 Apple ilitangaza biashara kwa picha ya konokono aliyebeba Pentium II mgongoni. Miaka saba baadaye, Juni 2005, Steve Jobs akatangaza kwamba Macintosh zitahamia kwa Intel. Mkalimani wa safari hii aliitwa Rosetta, kwa heshima ya jiwe lililopatikana Rashidi, Misri, mwaka 1799. Kazi yake ilikuwa ngumu zaidi, maana PowerPC za Apple ziliendeleza desturi ya kubwa mbele. Hakutafsiri amri tu, alipindua namba pia.

Mkalimani ana mshahara, na siku moja mwajiri huona haina haja tena. Mfumo wa mwaka 2011 ulitoka bila Rosetta. Programu za kale zaidi zilikuwa zimekwisha kufungiwa mlango mapema, mashine za Intel zilipotoka mwaka 2006. Hapo washairi tunaguswa. Mwaka 1992 William Gibson alitoa shairi lake Agrippa katika diski laini ya Macintosh. Lina mistari kama 300. Lilipita kwenye kioo mara moja, kisha programu ikajifunga kwa maandishi ya siri lisisomeke tena. Gibson na wenzake walidhani wanafanya jambo la ajabu, shairi linalokufa baada ya kusomwa. Kumbe hata diski ambayo haikuwahi kuchezwa ilikuwa njiani kuwa bubu, kwa sababu tu lugha ya 68000 ilikosa wasemaji. Wasomi wa Marekani waliotaka kuiona programu hiyo ikifanya kazi tena mwaka 2008 walihitaji mwigo wa Macintosh ya kale ndani ya mashine mpya.

Upande wa Intel hakuna aliyefukuzwa nyumbani. Intel yenyewe ilijaribu kuanza lugha mpya, Itanium, mwaka 2001. Soko likaipa kisogo. Mwaka 2003 AMD, mshindani wake, akairefusha lugha ile ile ya 1978 hadi biti 64, na Intel ikalazimika kumfuata. Lugha iliyoundwa kuziba pengo imeishi kuliko zote zilizokusudiwa kuirithi, pamoja na vipande vyake na desturi yake ya Datapoint.

Apple imehama tena. Novemba 2020 ilitoa M1, chenye kuzungumza lugha ya ARM, ambayo Sophie Wilson na Steve Furber waliianzisha Cambridge, Uingereza, na ambayo kipande chake cha kwanza kilifanya kazi Aprili 1985. Rosetta wa pili akaajiriwa. Safari hii hakuhitaji kupindua namba, kwa kuwa Apple huitumia ARM kwa desturi ya ndogo mbele, kama Intel.

Hivyo kubwa mbele imetoweka mezani. Imebaki njiani. Kanuni za intaneti ziliwekwa kwa desturi hiyo na hazijabadilishwa. Ukimtumia mwenzako shairi jioni hii, herufi zake zitasafiri kama zilivyo, lakini namba za anwani, za mlango na za mfuatano zilizo juu ya kila pakiti zitapinduliwa na tarakilishi yako kabla ya kutoka, na yake itazipindua tena kabla ya kuzisoma.