Mara Phones

Makala hii inahusu kampuni ya simu. Kwa mkoa wa Tanzania wenye jina hilo tazama Mkoa wa Mara.

Mara Phones ni kampuni ya kutengeneza simujanja iliyoanzishwa na Mara Group, kundi la makampuni la mfanyabiashara Ashish Thakkar. Mnamo Oktoba 2019 ilifungua viwanda viwili katika muda wa siku kumi, kimoja mjini Kigali nchini Rwanda na kingine karibu na Durban nchini Afrika Kusini. Simu zake zilitangazwa kuwa simujanja za kwanza kutengenezwa kikamilifu barani Afrika. Kiwanda cha Durban hakikudumu: mwaka 2022 mitambo yake ilipigwa mnada. Kampuni hii inajulikana leo zaidi kwa mjadala juu ya mkakati wa kiongozi wake, ambaye aliamua kuuza ubora kwa bei ya juu katika soko ambalo wengi hununua simu kwa kuangalia bei kwanza.

Mwanzilishi

Ashish Thakkar alizaliwa mwaka 1981 mjini Leicester, Uingereza, katika familia ya Wahindi wa Afrika Mashariki waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka 1993 familia ilirudi Afrika na kuanza biashara Rwanda. Mwaka uliofuata yalitokea mauaji ya kimbari. Familia iliokoka, lakini mali yake ilipotea, ikahamia Kampala na kuanza upya. Thakkar aliacha shule akiwa na miaka 15 na kuanza kuuza kompyuta na vifaa vyake, akivifuata Dubai na kuvileta Uganda. Biashara hiyo ya mwaka 1996 ndiyo chimbuko la Mara Group.

Alipata umaarufu nje ya Afrika Mashariki mwaka 2013, alipoanzisha pamoja na Bob Diamond, aliyekuwa mkuu wa benki ya Barclays, kampuni ya Atlas Mara. Kampuni hiyo ilikusanya dola milioni 325 katika Soko la Hisa la London ili kununua benki za Kiafrika. Thamani ya hisa zake ilishuka sana katika miaka iliyofuata. Jambo hili lina uzito katika habari ya simu, kwa sababu wakosoaji wa Thakkar walilitaja mara kwa mara: kwamba yeye ni hodari wa kuvuta mtaji na kukutana na marais, ila biashara zenyewe huwa hazifiki alikozitangaza. Waliomtetea walisema ni watu wachache wa umri wake waliothubutu kujenga kiwanda cha kielektroniki barani badala ya kuagiza bidhaa na kuziuza.

Viwanda viwili

Mwaka 2018 Mara Group iliahidi kuwekeza randi bilioni 1.5 nchini Afrika Kusini kwa muda wa miaka mitano. Hata hivyo kiwanda cha kwanza kilifunguliwa Rwanda. Rais Paul Kagame alikizindua tarehe 7 Oktoba 2019 katika eneo maalumu la kiuchumi la Kigali. Kwa maelezo ya kampuni, kiligharimu dola milioni 24 na kingeweza kutoa simu 1,200 kwa siku. Tarehe 17 Oktoba Rais Cyril Ramaphosa alizindua kiwanda cha pili katika Dube TradePort, jimbo la KwaZulu-Natal.

Thakkar alisisitiza neno "kutengeneza". Viwanda vingine vya simu vilikuwapo Afrika tayari. Transsion ya China, yenye chapa za Tecno, Itel na Infinix, imekuwa ikiunganisha simu Ethiopia tangu mwaka 2011. Lakini katika viwanda vya namna hiyo simu hufika ikiwa katika vipande vikubwa vilivyo tayari: kioo, ubao wa ndani, betri na kasha. Wafanyakazi huviunganisha, huvipima na kuviweka kwenye boksi. Mara ilisema kuwa yenyewe inaanzia nyuma zaidi, yaani inapachika vijenzi vidogo kwenye ubao mkuu wa simu kwa mashine hapohapo kiwandani. Simu moja, kampuni ilieleza, ina vipande zaidi ya 1,000.

Dai hilo lina ukweli, ila lina mpaka wake. Kupachika vijenzi kwenye ubao ni kazi ya ufundi wa juu kuliko kufunga skrubu, na huwafundisha wafanyakazi mengi zaidi. Vijenzi vyenyewe, kuanzia kichakato hadi kioo, vilitoka nje ya Afrika, kama ilivyo kwa karibu kila simu duniani, zikiwemo zile za makampuni makubwa ya Marekani. Kwa hiyo kiwanda kilibeba gharama za mitambo ya bei kubwa bila kuepuka gharama za kuagiza. Gharama ya mitambo hushuka kwa kila simu pale tu zinapotengenezwa nyingi sana, na hapo ndipo suala la soko linapoingia.

Bei

Kampuni ilianza na aina mbili, Mara X na Mara Z, zote zikitumia mfumo wa Android chini ya mpango wa Google uitwao Android One. Ya bei nafuu iliuzwa faranga za Rwanda 120,250, sawa na dola 130 za wakati ule, na ya bei ya juu faranga 175,750, sawa na dola 190. Siku hizohizo simujanja ya bei ya chini kabisa ya Samsung mjini Kigali ilipatikana kwa faranga 50,000, na simu zisizo na chapa mashuhuri kwa faranga 35,000.

Thakkar hakuficha tofauti hiyo. Alisema anawalenga wateja walio tayari kulipa zaidi ili wapate ubora. Hoja yake ilikuwa kwamba Waafrika wamezoeshwa kuuziwa simu za hali ya chini zinazoharibika upesi, na kwamba simu ya bei ndogo inayonunuliwa kila mwaka ni ghali kuliko simu nzuri inayokaa miaka mitatu.

Soko la Same na milima ya Upare

Ili kupima hoja hiyo inafaa kuangalia mnunuzi wa mbali na Kigali. Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, ni mfano mzuri wa soko ambalo kampuni yenye ndoto ya bara zima ingelazimika kulishinda. Mji wa Same uko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, na bidhaa hufika bila shida. Vijiji vingi, hata hivyo, viko juu ya milima ya Pare Kusini, ambako wakulima wa Mamba na Myamba hulima tangawizi, na wengine wako tambarare upande wa Ndungu kwenye mpunga.

Dola 130 za mwaka 2019 zilikuwa karibu shilingi 300,000 za Tanzania. Mkulima hupata fedha kwa msimu, wala si kwa mwezi kama mwenye mshahara, na kiasi hicho hushindana na ada, mbegu na nauli. Simu ya vitufe, ambayo Watanzania huiita kitochi au kiswaswadu, inamtosha kupokea bei ya mazao kwa kupigiwa na kutuma fedha. M-Pesa ya Vodacom imekuwapo Tanzania tangu mwaka 2008 na haihitaji simujanja. Kule milimani mtandao wa kampuni moja hushika upande huu wa mgongo wa mlima na kupotea upande wa pili, hivyo watu huwa na laini mbili au tatu. Betri inayokaa siku kadhaa ina thamani kuliko kamera. Na simu ikivunjika kioo, swali ni kama fundi wa mjini Same ana kioo kingine.

Transsion ilijijenga juu ya mambo hayohayo: sehemu mbili za laini, betri kubwa, kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi, vipuri na vituo vya ukarabati, na ngazi ya bei inayoanzia kwenye kitochi. Mwanzilishi wake, Zhu Zhaojiang, alianzisha kampuni mwaka 2006 na kuelekeza nguvu zake zote Afrika mwaka 2008. Ilikuwa imekaa sokoni miaka kumi na moja kabla ya Mara kufungua mlango.

Hata hivyo, mnunuzi huyohuyo ana sababu ya kumsikiliza Thakkar. Mnamo Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia zote nchini. Walionunua simu za bei rahisi bila kujua zilivyotengenezwa walibaki na vipande vya plastiki mikononi. Ubora una soko. Tatizo ni kwamba chapa mpya haiwezi kuuthibitisha siku ya kwanza. Huthibitishwa na jirani aliyekaa na simu hiyo miaka miwili, na Mara haikuwa na jirani huyo.

Mjadala kuhusu mkakati

Baada ya kampuni kuyumba, lawama ziligawanyika. Wapo wanaosema kosa lilikuwa kuanza na viwanda viwili kwa pamoja badala ya kuanza na wateja. Kiwanda cha Kigali pekee, kama kingefanya kazi siku 300 kwa mwaka kwa uwezo wake wote, kingetoa simu 360,000, na Rwanda ilikuwa nchi ya watu wapatao milioni 13 ambako wenye simujanja walikuwa wachache. Ilibidi simu zivuke mipaka, ilhali biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika ilianza rasmi Januari 2021 tu, tena polepole.

Wengine huelekeza kidole kwa UVIKO-19. Miezi michache baada ya uzinduzi, mipaka ilifungwa, vijenzi kutoka Asia vikachelewa na bei zake kupanda. Kampuni yenye miaka kumi ingekuwa na akiba ya kuvuka. Iliyokuwa na miezi mitano haikuwa nayo. Hoja hii ni nzito, ingawa haielezi kwa nini washindani waliuza simu nyingi katika miaka hiyohiyo.

Kuna pia hoja ya serikali. Kwa mtazamo huu, marais walikata utepe lakini hawakuwa wanunuzi wakubwa. Rwanda ilijaribu: mwishoni mwa mwaka 2019 kampeni ya Connect Rwanda, iliyoanzishwa na MTN Rwanda pamoja na wizara husika, iliwaomba watu na makampuni kuchangia simujanja kwa familia zisizo nazo, na Rais Kagame aliahidi simu 1,500. Kwa kiwanda chenye uwezo wa simu 1,200 kwa siku, ahadi hiyo ni kazi ya siku mbili.

Nchini Afrika Kusini mjadala ulikuwa mkali zaidi, kwa kuwa fedha za umma zilihusika. Kiwanda kilikopeshwa na Shirika la Maendeleo ya Viwanda, ambalo ni la serikali, pamoja na Standard Bank. Mradi ulioonyeshwa kama ushahidi wa wimbi jipya la uwekezaji uliishia kwa dalali wa mnada, na wafanyakazi waliofundishwa kazi adimu wakakosa mahali pa kuifanyia.

Mabishano kama haya yaliwahi kuwapata wakubwa. Stephen Elop wa Nokia aliamua mwaka 2011 kuacha mfumo wa kampuni yake na kushika wa Microsoft. Mwaka 2014 biashara ya simu ya Nokia ilikuwa mikononi mwa Microsoft. John Chen, aliyeingia BlackBerry mwaka 2013, alisimamisha utengenezaji wa simu za kampuni hiyo mwaka 2016 ili ibaki na programu. Tofauti ni kwamba hao wawili walirithi kampuni zilizokuwa zinaanguka, na Thakkar aliichagua njia yake mwenyewe.

Miradi iliyofuata

Miradi mingine ya Afrika Mashariki ilifuata njia tofauti. Mnamo Julai 2020 Safaricom ya Kenya, ikishirikiana na Google, ilianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao mteja alilipia simujanja shilingi 20 za Kenya kwa siku. Tarehe 30 Oktoba 2023 Rais William Ruto alizindua kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, kinachomilikiwa na Safaricom, Jamii Telecommunications na washirika kutoka China. Simu yake ya kwanza, Neon Smarta, ilitangazwa kwa shilingi 7,499 za Kenya, chini ya nusu ya bei ya Mara ya mwaka 2019. Kiwanda hicho hakikudai kutengeneza kila kitu, kilikuwa na mtandao wa maduka wa Safaricom tangu siku ya kwanza, na kililindwa na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 uliowekwa mwaka 2022 kwa simu zinazoagizwa.

Tanzania ilijaribu kodi badala ya kiwanda. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simujanja ili wananchi wengi zaidi wafikie intaneti. Mwaka uliofuata msamaha huo ulifutwa, serikali ikieleza kuwa bei madukani hazikushuka kama ilivyotarajiwa.

Rwanda ilianza awamu ya pili ya Connect Rwanda mwaka 2023. Safari hii simu iliyouzwa kwa bei ya ruzuku ya faranga 20,000 ilikuwa Ikosora+, iliyoletwa na Airtel.