Kifafa: Tunakimbia Nini?

Tulipokuwa kidato cha pili, msichana mmoja wa darasa letu alianguka katikati ya kipindi cha jiografia. Alikakamaa, akaanza kutupa mikono na miguu, povu likamtoka mdomoni. Darasa zima tulitimka, na wa kwanza mlangoni nilikuwa mimi. Tangu utotoni tulikuwa tumeambiwa kwamba mwenye kifafa akianguka usimguse, na ukikanyaga mate yake au akajamba karibu yako, basi na wewe umekwisha. Alizinduka peke yake sakafuni, sare imelowa, sisi tunamchungulia dirishani. Kesho yake hakuja shule. Hakuja tena.

Ndugu msomaji, kisa hiki nilijaribu kukiandika kama hadithi fupi nikashindwa, maana hata ugonjwa wenyewe nilikuwa siujui. Nikaanza kusoma. Nilidhani historia ya kifafa ingeniacha Ulaya. Kumbe ilinirudisha Morogoro.

Huko Ulaya, mwaka 1857, daktari wa London aitwaye Charles Locock alieleza kuwa chumvi ya bromidi hupunguza mishtuko ya kifafa. Ilisaidia kweli, ila iliwaacha wagonjwa wamezubaa. Mwaka 1912 kijana mmoja daktari wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, alikuwa akiwapa wagonjwa wake fenobabitoni ili wapate usingizi. Akagundua kwamba wenye kifafa, mbali na kulala, walikuwa hawaanguki sana kama zamani. Mwaka 1929 Mjerumani mwingine, Hans Berger, akatangaza kwamba ameweza kuuchora umeme wa ubongo wa binadamu kutoka nje ya kichwa. Hapo ikaanza kuonekana wazi kifafa ni nini: chembe za ubongo zinafyatua umeme wake kwa pamoja bila mpango, na mwili unafuata. Hakuna jini wala laana hapo. Na umeme huo hauambukizwi kwa mate.

Sasa jiulize. Kama dawa ilikuwepo tangu 1912, na ni ya bei rahisi, kwa nini miaka karibu 50 baadaye watu wa Mahenge walikuwa wanaanguka motoni?

Mahenge iko juu milimani, wilaya ya Ulanga, mkoa wa Morogoro, nchi ya Wapogoro. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika sehemu hizo daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Aliwakuta wagonjwa wa kifafa wametengwa, wengine wana makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtu akiangukia jikoni na watu wanaogopa kumgusa, nani atamvuta? Mwaka 1960, uhuru bado haujapatikana, akaanzisha kliniki ya kifafa. Dawa yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo fenobabitoni. Hakuwa na mashine ya kuchora umeme wa ubongo. Alichofanya ni kukaa na wagonjwa na wazazi wao, kuwauliza, na kuandika.

Wazazi walimweleza jambo ambalo halikuwa kwenye vitabu. Walisema kuna watoto ambao kabla ya kuanza kuanguka huwa wanasinzia kichwa: kichwa kinainama na kuinuka, kinainama na kuinuka, mtoto akiwa macho kabisa. Mama akiona hivyo, alijua kinachokuja. Daktari aliandika maneno hayo, akayachapisha miaka ya 1960. Dunia haikushtuka. Ilibidi watoto wa Sudan Kusini na baadaye wa kaskazini mwa Uganda waanze kuonekana na hali hiyo ndipo wataalamu wakageuka kutazama Mahenge. Mwaka 2008 timu ya daktari Andrea Winkler ilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Mahenge na kuipanga hali hiyo kitaalamu. Kwa hiyo walichokijua akina mama wa Kipogoro kilingoja zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1992 Jilek-Aall na daktari Mtanzania, Henry Rwiza, walitoa ripoti ya wagonjwa 164 wa kliniki ile waliofuatiliwa kwa miaka 30. Dawa ilikuwa imewafaa wengi, na kwa kama nusu yao mishtuko ilikoma kabisa. Lakini zaidi ya nusu ya wagonjwa wote walikuwa wamekwisha kufa, na wengi wao kwa sababu ya kifafa chenyewe: mishtuko mfululizo isiyokatika, maji, moto. Yaani dawa ipo, inafanya kazi, na mtu bado anazama mtoni akichota maji peke yake.

Hadithi haijaisha. Milima ya Mahenge ina mito yenye kasi, na kwenye maji ya namna hiyo huzaliana wale inzi wadogo weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi. Watafiti wameona kwamba penye usubi mwingi kifafa nacho ni kingi, ingawa bado wanabishana ni kwa njia gani minyoo ile inamfikisha mtoto kwenye mishtuko. Dawa ya usubi, ivamektini, imegawiwa huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti walipopita nyumba kwa nyumba walikuta kifafa bado kiko juu, na vijiji vya ndani vimezidi vile vya karibu na mji.

Wenzangu mnaotaka kuandika, mimi nimejifunza hili: utafiti ule mkubwa ulianza na mtu aliyekaa chini akasikiliza, halafu akaandika neno la mama kama lilivyosemwa. Kazi hiyo haihitaji digrii.

Na ukimwona mtu ameanguka, usikimbie. Msogeze mbali na moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka azinduke. Basi.

Ile hadithi yangu nimeianza upya. Safari hii msimuliaji ni yule aliyekuwa wa kwanza mlangoni.