Deraya: kilo 25 za chuma, na swali la kuvaa au kuvua

Leo naomba tuweke kando mambo ya programu na tarakilishi kidogo, tuzungumzie nguo. Naam, nguo, ila za chuma.

Juzi rafiki yangu mmoja, naye ni mtengenezaji programu kama mimi, aliniambia kwamba wale mashujaa wa Ulaya wa zamani waliojifunika chuma kutoka utosini hadi vidoleni walikuwa wajinga tu. Akasema ukiangushwa kutoka kwa farasi umekwisha, umelala pale kama kobe aliyepinduliwa. Sikumlaumu, kwa maana picha hiyo wengi tunayo. Katika filamu ya Henry V ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Laurence Olivier, shujaa mwenye deraya anainuliwa kwa winchi na kuwekwa juu ya farasi wake. Inachekesha sana, lakini si kweli.

Tuanze na uzito. Deraya kamili ya mabamba ya chuma ya kwenda vitani, ile ya karne ya 15, kwa kawaida ilikuwa na uzito wa kati ya kilo 15 na 25 hivi. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20, na nyote mnaujua. Sasa fikiria umeubeba kwa mkono mmoja kutoka kisimani: kabla hujafika mbali bega linakatika. Ufunge mgongoni kwa kamba, utatembea. Ni uzito ule ule, ila umekaa mahali pengine.

Wahunzi wa wakati huo walilijua jambo hili vizuri sana. Deraya ya kale zaidi, ya pete ndogo ndogo za chuma zilizounganishwa kama shati, ilining'inia mabegani yote, ndiyo maana wavaaji waliifunga mshipi kiunoni ili nyonga zisaidie kubeba. Deraya ya mabamba ilikwenda mbele zaidi. Chini yake mtu alivaa koti la kitambaa lililoshonwa tabaka kwa tabaka, na vipande vingi vya chuma vikafungwa kwenye koti hilo kwa kamba nyembamba: mikono ikafungwa peke yake, miguu peke yake. Kwa hiyo hapakuwa na mzigo mmoja mkubwa, bali mizigo midogo midogo iliyogawanywa mwili mzima. Kwenye viungo, mabamba membamba yalipandana na kuteleza moja juu ya jingine, kama magamba ya kamba wa baharini, ili goti likunjike na kiwiko kigeuke.

Je, ilifanya kazi? Msikilizeni huyu Mfaransa, Jean Le Maingre, ambaye wengi walimwita Boucicaut. Kitabu cha maisha yake kilichoandikwa mwaka 1409 hivi, naye akiwa hai, kinasimulia kwamba alikuwa akipiga sarakasi akiwa amevaa deraya yote isipokuwa kofia, na kwamba aliweza kupanda upande wa chini wa ngazi kwa mikono mitupu, miguu haigusi. Hata tukipunguza sifa kidogo, huyo si kobe aliyepinduliwa!

Kuna mfano mwingine utakaowapendeza ninyi wapenzi wa teknolojia. Mwaka 1520 mafundi wa mfalme Henry VIII wa Uingereza walimtengenezea deraya ya kupigana kwa miguu katika mashindano, yenye vipande 235 na uzito wa zaidi ya kilo 40. Ilimfunika mwili mzima bila kuacha pengo, na bado viungo vyake vinakunjika. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa Marekani waliokuwa wakibuni mavazi ya kwenda anga za juu waliichunguza, wakitaka kujua fundi wa zamani alilitatuaje tatizo lao: kumfungia mtu ndani ya ganda gumu, na bado aweze kusogea.

Sasa basi, msidhani nasema deraya ilikuwa starehe. Gharama ilikuwapo, ila haikuwa pale tulipodhani.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walichapisha matokeo ya jaribio zuri sana. Waliwavalisha watu wenye mazoea deraya za mfano wa karne ya 15, zenye uzito wa kilo 30 hadi 50, wakawatembeza na kuwakimbiza juu ya mashine huku wakipima pumzi zao. Kutembea kulitumia nguvu mara 2.1 hadi 2.3 ya kawaida, na kukimbia karibu mara 1.9. Uzito kama huo ungebebwa mgongoni, gharama ingekuwa ndogo zaidi. Kwa nini? Kwanza, chuma kilichofungwa miguuni kinarushwa mbele kwa kila hatua. Pili, bamba la kifua halimruhusu mtu kuvuta pumzi ndefu, kwa hiyo anahema haraka haraka. Yaani kule kugawanya uzito kulikomsaidia mpiganaji kugeuka na kukunja viungo ndiko kulikomla nguvu katika mwendo. Hakuna cha bure.

Tarehe 25 Oktoba 1415, huko Agincourt, Wafaransa wenye deraya walitembea kwa miguu kuelekea kwa Waingereza, juu ya shamba lililolimwa na kunyeshewa, vifuniko vya uso vimeshushwa kwa sababu ya mishale. Walipofika walikuwa wamechoka kabla ya kupigana. Boucicaut wetu, yule mpiga sarakasi, alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Alitekwa siku hiyo na kufia mateka Uingereza mwaka 1421.

Na kuna joto. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho linalokauka, na ndani ya koti nene chini ya chuma jasho halina pa kwenda. Kila mvaaji alifika mahali pa kujiuliza: nifungue kidogo tu, nipumue? Edward Hall, mwandishi wa historia wa karne ya 16, anasimulia kwamba mnamo Machi 1461, karibu na Ferrybridge, Lord Clifford alivua kinga ya shingo kwa sababu ya joto au maumivu. Mshale ukampata kooni, akafa. Siku iliyofuata palipiganwa vita vya Towton, jirani na hapo. Mwaka 1996 kaburi la pamoja la vita hivyo lilifukuliwa, na karibu mafuvu yote yaliyochunguzwa yalikuwa na majeraha, mengi zaidi ya moja. Inaelekea watu hao hawakuwa na kofia za chuma vichwani walipouawa: labda zilianguka, labda walizitupa wapate kukimbia na kupumua.

Hapo ndipo nilipomwambia rafiki yangu kwamba deraya haikumshinda mvaaji kwa uzito. Ilimshinda dakika ile alipoivua.

Nami nalijua hilo kwa aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuandika mfumo uliowalazimisha watumiaji kubadilisha nywila kila mwezi, ndefu, zenye namba na alama. Nilijiona fundi mkubwa! Wiki chache baadaye nikakuta nywila hizo zimeandikwa kwenye vikaratasi na kubandikwa pembeni mwa viwambo. Nilikuwa nimewashonea deraya isiyovalika, nao wakaivua.

Tazama pia helmeti ya abiria wa bodaboda, inavyoning'inia kwenye usukani huku abiria ameketi kichwa wazi, kwa sababu ni ya moto, inabana, na ina jasho la abiria aliyetangulia. Ni rahisi kumwita mjinga. Lakini fundi wa karne ya 15 angeuliza kwanza kofia hiyo inakaaje kichwani.

Kwa hiyo, wenzangu mnaotengeneza vitu vya kuwalinda watu, kivaeni kitu chenu kwanza. Kivaeni mchana kutwa, juani. Mkitamani kukivua, jueni mtumiaji wenu ameshakivua zamani.